Picha iliyobandikwa kwa ruhusa si takataka

Kwa Mhariri,

Barua kadhaa katika ukurasa huu zimepongeza usafishaji wa kuta za Nairobi. Sipingi usafi. Linaloniudhi ni kwamba waandishi wake wametia kila kilichobandikwa katika kapu moja: karatasi za waganga, za vyumba vya kupangisha, za mikutano ya injili, nyuso za wanasiasa, pamoja na picha kubwa za sanaa ambazo vijana wa mitaa yetu wamejifunza kubandika kwa gundi ya unga. Hizo za mwisho ndizo ninazozitetea, na naomba nafasi nieleze kwa urefu.

Mimi ni mpiga chapa mstaafu. Nilifanya kazi River Road, barabara ya wapiga chapa hapa Nairobi, tangu ujana wangu, katika vyumba vile vyenye joto ambamo mtambo mmoja hutoa kadi za harusi asubuhi na mabango ya tamasha jioni. Mara nyingi kazi haikuishia mtamboni. Mteja alilipa zaidi akihakikishiwa kwamba bango litafika ukutani, kwa hiyo tulibeba ndoo, brashi na mafurushi ya karatasi na kwenda kubandika wenyewe, kwenye zile nyua za mabati zinazozunguka majengo mapya na kwenye kuta ambazo tajiri wetu alikuwa ameelewana na wenyewe. Sasa naishi Laini Saba, Kibera, na vijana huja kuniuliza mambo ya karatasi na gundi.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Vijana hao waliwapiga picha akina mama wanaouza mboga na samaki kando ya reli. Walimwomba kila mama idhini, kisha wakamwendea mwenye ukuta, ambao ni ukuta mrefu wa simiti unaotazama njia ya kwenda kituo cha treni, naye akakubali. Wakachapisha nyuso zile kwa nyeusi na nyeupe, kila uso ukiwa mrefu kuliko mlango, wakazibandika. Mimi niliwachanganyia gundi. Basi wakaja watu waliotumwa kusafisha, wakamwaga maji, wakakwangua nyuso zote za akina mama. Ng'ambo ya njia hiyo hiyo kuna kioski ambacho mabango ya wawaniaji wa uchaguzi uliopita yamefunika mlango wake na nusu ya dirisha. Mwenye kioski hakuulizwa wakati yanabandikwa. Hayo hayakuguswa.

Mama mmoja alisimama na beseni lake la omena akamtazama kijana aliyeshika kwanguo, akamuuliza, "Mwanangu, uso wangu umekukosea nini?" Yule kijana akajibu kwa heshima, "Mama, mimi nimetumwa tu." Simlaumu. Swali la mama ndilo nataka wakubwa wake walijibu.

Wasomaji wengi hawajui kazi hii inavyofanyika, na nadhani ndiyo sababu wanaidharau. Gundi ni unga wa ngano na maji. Unakoroga unga kwa maji baridi kwanza mpaka mabonge yaishe, kisha unamimina katika maji yanayochemka huku mwiko hautulii, hadi mchanganyiko uwe mzito kama uji wa mgonjwa na uanze kung'aa. Wengine huongeza sukari kidogo, wengine gundi nyeupe ya seremala. Pasipo ngano, wanga wa muhogo hufaa. Gundi ikipoa unaupaka ukuta, unalaza karatasi, unaisukuma kwa brashi kutoka katikati kwenda pembeni ili hewa itoke, halafu unapaka tena juu yake. Karatasi iwe nyembamba. Ile nene ambayo watu huiona ya hadhi hujikunja pembe na kuachia. Picha kubwa huchapwa vipande vipande, na kila kipande hupandana kidogo na mwenzake ili jicho lisije likakatika katikati ya mboni.

Halafu kuna ukuta wenyewe, na hapo ndipo ufundi ulipo. Simiti ni rahisi. Udongo hunywa maji ya gundi kabla karatasi haijashika, kwa hiyo lazima uupake gundi nyepesi kwanza, uuache ukauke, ndipo urudi na gundi nzito. Mabati ndiyo magumu kuliko yote: mchana yanapashwa na jua na kutanuka, usiku yanapoa na kusinyaa, na karatasi huanza kuachia kwenye migongo ya mawimbi yake. Panya na mbuzi nao huitafuna kwa ajili ya unga uliomo. Lakini karatasi nyembamba ikikauka vizuri juu ya ukuta mkuukuu, hujivuta na kukaza mpaka ufa wa ukuta unapita katikati ya shavu la mtu, na alama za misumari zinakaa chini ya ngozi yake. Huwezi kupata hilo ndani ya fremu ya kioo. Nimechapa picha nyingi sana maishani, na hakuna iliyonigusa kama uso wa jirani yangu ukiwa umeingiliana na ukuta ninaoupita kila siku.

Sisi wa Kibera hatukuanza kuyaona haya jana. Januari 2009 alikuja hapa msanii Mfaransa anayejulikana kwa jina la JR, na mradi wake wa picha za wanawake wanaoishi mahali palipopita vita na ghasia. Mradi huo ulikuwa umeshapita Sierra Leone, Liberia, na mtaa wa Morro da Providência jijini Rio de Janeiro. Kumbukeni Kibera ilikuwa na hali gani. Mwaka mmoja tu kabla yake, Januari 2008, wakazi wenye hasira waliing'oa reli hii katika ghasia za baada ya uchaguzi. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu vifo 1,133 nchini. Majirani walikuwa bado hawatazamani machoni. Kuta zetu wakati huo zilikuwa na maandishi ya rangi ya msanii wa hapa hapa, Solo 7, aliyezunguka mitaa akiandika maneno ya amani katikati ya moto, na nikisema sanaa ya ukutani ina kazi, yeye ndiye wa kwanza ninayemfikiria.

JR na wenzake walitandaza nyuso na macho ya akina mama juu ya mapaa ya nyumba, jumla ya mita za mraba 2,000. Huko juu hawakutumia karatasi, kwa sababu karatasi haizuii mvua. Walichapisha kwenye plastiki ile ya mabango makubwa isiyopitisha maji, kwa hiyo picha ikawa pia kinga ya paa linalovuja. Wengi wa wanawake waliopigwa picha waliwekewa sura zao juu ya nyumba zao wenyewe. Kisha kukawa na kazi ya reli. Mabehewa ya treni yalibandikwa macho, macho tu. Pua na midomo ikawekwa kwenye mabati yaliyopangwa katika mteremko ulio chini ya reli. Treni ikipita, kwa muda mfupi macho yalikutana na sehemu ya chini ya uso, na mwanamke akakamilika mbele yako, kisha akagawanyika tena treni ikiendelea.

Naitazama kazi ile kwa jicho la fundi na bado naistahi. Mtu alilazimika kujua behewa lina kimo gani, mteremko umelala vipi, mtazamaji atasimama wapi, ndipo akate uso mmoja vipande viwili vitakavyokutana vikiwa katika mwendo. Naitazama pia kama mkazi. Reli iliyong'olewa kwa hasira mwaka mmoja nyuma ilikuwa imebeba macho ya wanawake wa mtaa ule ule uliokuwa na hasira. Hakuna hotuba ya kiongozi kuhusu maridhiano iliyonifikia hivyo.

Nakumbuka watu waliuliza nyuso zile ni za chama gani. Tulikuwa tumezoea kwamba uso mkubwa uliobandikwa mahali pa wazi unatafuta kura, au unauza sabuni, au umekufa na unatangaziwa mazishi. Uso wa mama wa Kibera usiotafuta kura wala kuuza chochote, uliowekwa hapo kwa sababu tu mama huyo yupo na amevumilia, ulikuwa kitu kigeni kabisa kwetu. Ulipoeleweka, watu walipanda kilimani kuutazama mtaa wao.

Simtukuzi Mfaransa huyo kupita kiasi. Picha zile zilizunguka dunia, jina lake likakua, nasi tukabaki na foleni zile zile za kuteka maji. Ombi la akina mama kwake lilikuwa hadithi zao zisafiri naye, na hilo alilitimiza. Lakini msanii wa nje huja na kuondoka. Waliobaki ni vijana wetu, ambao wakati ule wengi wao walikuwa watoto wakitazama treni ile kutoka mteremkoni. Sasa wamekua, wanaifanya kazi hiyo wenyewe kwa unga wa kununua dukani, kwa nyuso za mama zao, bila mfadhili. Inauma kwamba mgeni aliachiwa mapaa na treni, na mwenyeji anakwanguliwa ukuta mmoja alioruhusiwa.

Atakayesema kwamba huo ni uhuni wa vijana wasio na kazi, nitamwomba atazame mbali kidogo. Huyo JR mwenyewe alianzia pembezoni mwa Paris. Mwaka 2004 alibandika bila kibali picha kubwa za vijana wa Les Bosquets, mtaa wa makazi ya watu maskini ulioko Montfermeil, jirani na Clichy-sous-Bois ambako ghasia za 2005 zilianzia. Baadaye nyuso za vijana wa mtaa huo ziliwekwa kwenye kuta za makao ya halmashauri ya jiji la Paris. Nyuso hazikubadilika, wala karatasi, wala gundi. Kilichobadilika ni kwamba wakubwa waliamua kuzitazama.

Kuna mkongwe zaidi yake, Ernest Pignon-Ernest, Mfaransa aliyezaliwa Nice mwaka 1942. Mwaka 1974 mji wake wa Nice ulipofunga udugu na Cape Town ya enzi ya ubaguzi wa rangi, alibandika mjini mamia ya picha za familia ya Waafrika iliyosimama nyuma ya waya wa seng'enge. Wenyeji wakalazimika kuipita familia hiyo wakienda kwenye sherehe za udugu. Mwaka 2002 alikwenda Afrika Kusini akachora mwanamke aliyemshika mikononi mwanamume aliyemalizwa na ukimwi. Mchoro huo unaikumbusha picha ya mpiga picha Sam Nzima ya Juni 16, 1976, ya mwanafunzi Hector Pieterson akibebwa baada ya kupigwa risasi na polisi Soweto. Pignon-Ernest aliuchapa kwa skrini na kuubandika huko huko Soweto, na pia Warwick mjini Durban. Mtu aliyeujua ukuta huo tangu utoto na kuijua picha ile ya 1976 hakuhitaji maelezo. Aliuona ugonjwa ukiwa umekalia mahali pa risasi. Hebu niambieni ni jumba gani la makumbusho lingewafikia watu wale wakiwa na mifuko yao ya sokoni mkononi.

Na Tunisia, mwaka 2011, baada ya rais Ben Ali kukimbia nchi, wapiga picha wa huko walishirikiana na JR wakabandika nyuso za raia wa kawaida mahali ambapo kwa miaka mingi palikuwa na picha ya mtu mmoja tu. Baadhi ya wananchi walizichana. Walikuwa wamechoshwa na nyuso kubwa kuwatazama, na walitaka kujua nani aliwachagua hawa. Sioni ubaya wowote katika hilo. Mwananchi akiichana picha kwa mkono wake amejibu alichoulizwa, na mbandikaji anajua tangu mwanzo kwamba karatasi yake imo mikononi mwa wapita njia na mvua. Yule aliyetumwa na kwanguo hajajibu chochote, kwa sababu hakuitazama.

Sasa niseme na wanaolalamikia uchafu, kwa maana wana hoja. Karatasi za waganga na za mikopo ya haraka hubandikwa juu ya vibao vya kuonyesha njia, juu ya milango ya watu, juu ya nguzo za stima, moja juu ya nyingine mpaka zinakuwa gamba. Kwenye nyumba ya udongo, ukizivuta zinatoka na udongo wenyewe, na gharama ni ya maskini mwenye nyumba. Hizo ziondolewe, tena waliozibandika watozwe. Namba zao za simu zimeandikwa pale pale kwa herufi kubwa, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema wahusika hawajulikani.

Nyuso za wawaniaji nazo zimo katika kundi hilo hilo la uchafu. Tunaelekea uchaguzi wa 2027, na sote tunajua usiku mmoja utafika ambapo tutaamka mtaa mzima umevikwa nyuso zinazotabasamu, hata mlango wa choo. Hakuna atakayekuja na ndoo kuziondoa kura zikishahesabiwa. Nimezichapa nyuso hizo kwa miaka mingi na najua zinalipiwa pesa taslimu. Sehemu ndogo ya pesa hizo ingetosha kuwalipa vijana wa kila mtaa kuzikwangua.

Kuna njia ya kutenganisha mambo haya, wala si ngumu. Wafaransa, walipoandika sheria yao ya uhuru wa magazeti tarehe 29 Julai 1881, waliingiza humo pia mambo ya mabango. Mpaka leo ukutani kwao utakuta maandishi ya kukataza kubandika yakitaja tarehe ya sheria hiyo. Lakini sheria yenyewe haikukataza tu. Iliagiza kila mji utenge mahali pa kubandika matangazo ya serikali, iliagiza kila karatasi iliyochapwa iwe na jina la mpiga chapa na mahali alipo, na ikaiachia serikali peke yake karatasi nyeupe, ili mwananchi akiona bango la rangi ajue mara moja kwamba halikutoka kwa mkubwa. Hiyo ni akili ya watu waliofikiri ukuta ni nini na nani anazungumza kupitia ukuta.

Sisi tunaweza kuwa na utaratibu wetu. Mwenye ukuta atoe idhini kwa maandishi. Aliyepigwa picha atoe yake, maana uso ni wake hata ukikuzwa ukawa mrefu kuliko nyumba. Ukingoni mwa picha paandikwe jina la kikundi na tarehe, na kikundi hicho kiwajibike kurudi na maji ya moto kuikwangua picha ikishachakaa, jambo linalowezekana kwa sababu ni unga na maji, haikuchongwa kwenye jiwe. Na kila wadi ipate walau ukuta mmoja wa umma ambao kijana anaweza kuubandika bila kukimbizwa, kwa zamu, bila kutozwa ada ambayo muuza sabuni ataimudu na kijana atashindwa. Wenye idhini waachwe. Wasio na idhini waondolewe, awe mganga, awe mheshimiwa.

Kwa wapiga chapa wenzangu wa River Road nina neno pia. Vijana hawa wakija na picha zao, tafadhali msiwapige bei ya mwanasiasa. Kwenye kila mzigo wa karatasi huwa kuna mabaki, na mashine hukaa bure adhuhuri. Mnajua ninachosema.

Vijana wa mtaani kwangu wanataka kuzibandika upya picha za akina mama kabla ya mvua ndefu kuanza Machi, kwa sababu karatasi huhitaji siku kavu kushika. Mwenye ukuta ametia sahihi tena, safari hii mbele ya mzee wa mtaa. Akina mama wote wametia sahihi, pamoja na yule wa omena, ambaye ametaka picha yake iwe ya kwanza upande wa barabarani. Unga umeshanunuliwa. Ninaiomba ofisi inayohusika itujibu hapa hapa gazetini: picha hizo zikibandikwa, zitaachwa?

Mpiga chapa mstaafu,
Laini Saba, Nairobi